Kifuko cha Maji Chini ya Wayo wa Mvunaji Miraa

Vijana wa idara yetu walipokuja kuniaga walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Niliwashukuru. Kabla keki haijaisha, mmoja wao aliniomba niandike mambo mawili matatu juu ya kazi yetu ya kupiga picha za ndani ya mwili, ili wapate cha kusoma wanaposubiri stima irudi. Nimekubali kwa masharti. Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa vyangu vilinikuta nikiwa kazini na sikusimamisha kazi kuvipokea. Sitaandika habari za mshahara, kwa kuwa kila mmoja wenu anaujua wake na hilo linatosha kumhuzunisha. Nitaandika juu ya sehemu ya mbele ya wayo, nyuma kidogo ya vidole, pale mtu anapokanyagia akinyanyua kisigino. Atakayeona kwamba mada hii ni ndogo asimame kwa ncha za vidole vyake mpaka nimalize.

Nilizaliwa Kianjokoma, kwenye majani ya chai na ukungu, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Siakago, ambako ukungu ni habari ya kusimuliwa. Nilifika nikiwa na sweta mbili. Aliyenipokea ni Bwana Ireri, mkuu wa chumba cha eksirei, Mmbeere mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alisoma kila gazeti lililomfikia, pamoja na lile lililofungiwa nyama. Hakuniuliza nilisomea wapi. Alinipeleka mbele ya chumba cha giza, mahali tulipokuwa tukisafishia filamu wakati huo.

"Binti, unauona mlango huu?"

"Nauona, mwalimu."

"Siku utakayoufungua nikiwa ndani na filamu, utarudi Kianjokoma kwa miguu."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanzia kazi. Siku hizi mnapewa semina yenye chai na maandazi, na bado mnafungua milango isiyofunguliwa.

Mashine ya altrasaundi ilikuja baadaye, na watu wote, wauguzi wakiwamo, waliamini kwamba ni ya wajawazito tu. Bwana Ireri hakuamini hivyo. Alisema kwamba mashine inayoweza kumwona mtoto ndani ya maji inaweza kuyaona maji yenyewe popote yalipojificha mwilini, ilimradi mkono unaoiendesha una adabu. Ili kunipima adabu alinunua kipande cha nyama ya paja, akakichanja katikati, akatia ndani kidole cha glavu alichokijaza maji na kukifunga uzi. Akanipa kichwa cha mashine, kile tunachokitelezesha juu ya ngozi, akaniambia niyatafute maji. Nilipaka jeli, nikakandamiza kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuonekana anajua.

"Maji yako wapi?"

"Hakuna maji, mwalimu. Ni nyama tupu."

"Mimi nimeyatia kwa mkono wangu. Sasa, ama mimi ni mwongo, ama wewe umeyafukuza."

Alinishika kifundo cha mkono akauinua mkono wangu kidogo sana, kama mtu anavyomfunua blanketi mtoto bila kumwamsha. Kwenye kioo cha mashine pakafunguka shimo jeusi, jeusi kabisa, maana maji huonekana hivyo kwenye altrasaundi. Akanisukuma mkono chini tena. Shimo likafa. Akauinua. Likarudi.

"Maji yana woga," alisema. "Ukiyajia kama polisi, hutayakuta nyumbani."

Jioni aliifunga nyama ile kwenye gazeti akaenda nayo kwake. Alikuwa na watoto wengi, na jeli, kama alivyonihakikishia, hutoka vizuri kwa maji moto.

Miaka ya katikati niliitumikia mjini Embu, na huko ndiko nilikoanza kutazama nyayo. Mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye msimamo na viatu vyembamba mbele kama mdomo wa korongo. Aliniambia jambo ambalo tangu siku hiyo nimelisikia kwa vinywa vingi: "Ni kama kuna kijiwe ndani ya kiatu. Navua, nakung'uta, hakuna kijiwe. Navaa, kimerudi." Alikuwa amekwisha kupigwa eksirei, na mifupa yake ilikuwa mizuri kiasi cha kufundishia.

Hapa sharti nieleze, na nitaeleza mara moja tu. Kati ya vichwa vya ile mifupa mirefu ya mbele ya mguu wanaishi majirani wawili wa ploti moja. Wa juu ni kifuko chembamba chenye ute, ambacho madaktari hukiita bursa, na kazi yake ni kuizuia mifupa isisuguane. Wa chini, karibu na ngozi ya wayo, ni neva inayopeleka hisia vidoleni. Ukiubana mguu kila siku, kwa kiatu au kwa kazi, kifuko hukasirika, hujaa maji, huvimba, na kila hatua inakuwa adhabu. Ukiubana kwa miaka, neva nayo huweza kuota uvimbe mgumu. Mgonjwa hulalamika kwa maneno yale yale kwa yote mawili. Matibabu ndiyo hayafanani. Kifuko hupumzishwa, mguu huwekewa kipande cha sufi nzito chini, pengine hupigwa sindano. Uvimbe wa neva, ukishindikana, hukatwa, na neva huenda nao.

Namna ya kuwatofautisha majirani hawa ni rahisi kuieleza. Paka jeli kama mtu asiyeinunua. Kiweke kichwa cha mashine chini ya wayo, kiguse ngozi bila kuilalia. Kwa dole gumba la mkono wa pili bonyeza upande wa juu wa mguu, kati ya mifupa, kisha legeza. Kifuko chenye maji ni cheusi, hubonyea, na ukilegeza hurudi. Uvimbe wa neva ni wa kijivu kizito, na ukiubonyeza hauombi msamaha. Wanaobonyeza bila kulegeza huona nusu ya ugonjwa na kuandika ugonjwa mzima.

Mwalimu mkuu alikuwa na kifuko. Nilimwambia viatu vile ndivyo vilivyomponza. Aliviacha siku za kazi, akaendelea kuvivaa Jumapili, kwa maelezo kwamba Mungu hutazama moyo lakini kanisa hutazama miguu. Nimesoma vitabu vingi juu ya majivuno ya binadamu, na sijapata ndani yake sentensi inayoishinda hiyo.

Kisha nikahamia upande wa Meru, katika hospitali ambayo sitaitaja, si mbali sana na Kangeta. Anayeijua Kangeta anajua kinachouzwa huko. Mimi na miraa hatujawahi kupatana. Nimeyasema hayo kanisani, nimeyasema kwenye harusi nilizoalikwa kutoa mawaidha, na pengine ndiyo sababu mialiko ya harusi imepungua. Nimewaona vijana waliotafuna muda wao mpaka ukaisha. Hata hivyo, sijawahi kuona jani la miraa kwenye picha ya wayo. Mguu ukishapanda kitanda changu ni mguu, na maoni yangu hubaki nje ya mlango pamoja na viatu.

Ndipo akaja Kinoti, ambaye mkewe na dunia yote walimwita Baba Makena. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mikono mirefu, mtu wa kuvuna miraa tangu utoto. Mguu wa kulia ulimuuma mbele ya wayo, kati ya kidole cha tatu na cha nne. Kliniki moja ya mjini ilikuwa imempiga picha na kuandika kwamba neva imeota uvimbe. Daktari Nyaga, mpasuaji wetu, aliyekuwa akitoka Embu kuja kwetu mara moja kwa mwezi, alikuwa amemweka wa kwanza kwenye upasuaji wa kesho yake asubuhi. Kwangu aliletwa ili nithibitishe tu.

Alifika akiwa amevaa suti, viatu vilivyong'arishwa, na soksi mpya ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani. Akaitazama mashine kwa mashaka.

"Madam, mimi shida yangu ni mguu. Hii si ile ya akina mama?"

"Lala."

"Lala tu, Baba Makena," akasema mkewe, akichukua kofia yake. "Wakipata mtoto huko kwa mguu, utamlea peke yako."

"Na akiwa mvulana?"

"Hata akiwa askofu."

Nilimpaka jeli. Nilimgusa kwa mkono ule niliofundishwa juu ya nyama ya paja. Nilibonyeza, nikalegeza, nikabonyeza. Kati ya mifupa niliona ukuta mnene wa kijivu, mdogo, usio na sura ya kueleweka. Haukuwa uvimbe wa neva wa kuapia, wala haukuwa kifuko. Ningeweza kuandika kwamba picha inalingana na ile ya kwanza. Uvivu wa mtaalamu huanza pale pale, anaposoma neno la mwenzake kabla ya kusoma mguu, na uvivu huo huvaa koti jeupe, na una saini nzuri.

Nikaanza kumuuliza, kwa kuwa jeli ilikuwa bado haijakauka.

"Inakuuma lini?"

"Nikiwa juu ya mti. Nikishika shina na miguu, hivi." Akakunja wayo hewani, vidole vikajikusanya kama mkono unaoshika kikombe. "Hapo inawaka moto."

"Unapanda na viatu?"

Akamtazama mkewe, kama mtu anayeuliza iwapo mimi ni mzima.

"Madam, na viatu nitajua aje tawi iko sawa? Macho iko juu kwa majani. Mikono iko kazi. Ni hii vidole ndio inaniambia hapa kanyaga, hapa wacha. Isiponiambia, nitaambiwa na chini."

Nilikiondoa kichwa cha mashine kwenye wayo wake. Nilijua kitu ambacho yeye, nadhani, alikuwa hajakielewa vizuri. Neva ikikatwa, vidole viwili jirani hufa ganzi kwenye pande zinazotazamana, na ganzi hiyo haiondoki. Kwa karani si kitu. Atasahau kabla ya mwaka kwisha. Kwa mtu anayesimama juu ya tawi jembamba akiwa ameangalia juu, vidole viwili visivyosema ni jambo jingine.

"Mara ya mwisho kupanda ilikuwa lini?"

Akajibu mkewe. "Tangu huyo wa kliniki aseme ni kupasuliwa, nimemkataza. Wiki tatu anakaa kwa kiti kama chifu. Na asubuhi nimemuosha mguu na maji moto ya chumvi, nikakanda, nikapaka mafuta. Si mtu anaenda hospitali na miguu ya shamba!"

Hapo nikaelewa nilichokuwa nikikitazama. Nyinyi mliozaliwa kwenye miteremko hii mtanielewa bila maelezo. Huku kwetu mtu hujitayarisha kwenda hospitali kama anayekwenda kuposa. Hupumzika, huoga, hujipaka mafuta, huazima koti, na ugonjwa nao, kwa kuona hadhi ya safari, hutulia. Nimewahi kuletewa goti lililovaa suruali ya harusi. Nimewahi kuletewa bega lililokandwa wiki nzima na shangazi watatu ili lisimwaibishe mwenyewe mbele ya daktari. Tunaletewa mwili wenye adabu, tunaupiga picha, tunashangaa kwamba hauna la kusema.

Nilikwenda kwa Daktari Nyaga. Alikuwa akinywa chai akiwa amesimama, kama afanyavyo kila kitu.

"Nipe jibu, Madam. Ni neva au si neva?"

"Sijui, Daktari."

"Kwenye karatasi imeandikwa neva."

"Imeandikwa. Mimi nimeona ukuta mnene. Mtu huyu hajapanda mti wiki tatu na amekandwa kama unga wa chapati. Nimeletewa mguu wa Jumapili, na mimi nautaka wa Jumatatu."

Alikiweka kikombe chini. Sitamfanya kuwa mtu asiyejali ili hadithi yangu ipendeze. Alikuwa mpasuaji mwangalifu.

"Nami nilipoubana mguu kwa pembeni, sikusikia kile kimlio," alisema. "Neva iliyovimba huruka kati ya mifupa, unaisikia mkononi. Kwa huyu hakuna kilichoruka. Ndiyo maana nilimleta kwako." Akatazama dirishani. "Kesho mchana naondoka. Nisipomkata kesho, atangoja mwezi, na mwezi huo atapanda tu, unawajua. Una mpaka jioni."

Nyuma ya jengo la kufulia nguo kulikuwa na mgrevilia mzuri, shina limenyooka, matawi yanaanza juu kidogo ya kimo cha mtu. Nilimpeleka Kinoti pale na kumwambia avue koti, viatu na soksi.

"Panda, shuka, panda tena. Usipite usawa wa dirisha. Ukianza kusikia moto, niambie."

"Madam, unaniambia nipande mti ya hospitali?"

"Ndiyo matibabu."

Alilitazama shina kwa dharau ya mtaalamu. Miti ya miraa, alinieleza, ina adabu. Huu ulikuwa mti wa kuni. Kisha akaushika kwa mikono na nyayo, akaenda juu, bila sauti yoyote. Nilikuwa nimeishi karibu na wavunaji miraa miaka mingi na sikuwahi kusimama chini ya mmoja wao nikatazama. Wayo wote ulikuwa ukifanya kazi. Sehemu ile ya mbele ililala juu ya gome, mifupa ikasogea pamoja, vidole vikapapasa kabla ya kubeba uzito, kimoja kimoja, kama vidole vya kipofu usoni kwa mtu.

Mlinzi wetu, Mzee Mutwiri, alikuja mbio akiwa na rungu.

"Wewe! Shuka! Hapo hata mbuzi haruhusiwi!"

"Mwache, Mutwiri. Ni mgonjwa wangu."

"Mgonjwa wa nini, Madam?"

"Wa mguu."

Mzee Mutwiri alitazama juu. Akatazama rungu lake. "Mguu upi?" akauliza.

Foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa imekwisha kugeuza viti. Mama mmoja mwenye kikohozi alisema hospitali hii imechelewa, maana nyanya yake alikuwa akitibu kwa miti zamani. Mwingine alimshauri Kinoti ashike shina kwa goti. Mkewe alisimama chini ameikumbatia suti, akipaza sauti: "Baba Makena, usivunje tawi, hii si yetu!" Alipanda na kushuka mpaka wakati wa chai, akapumzika, akarudia mpaka karibu na chakula cha mchana. Alipita usawa wa dirisha mara kadhaa, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. Baadaye akatelemka polepole, akasimama kwa mguu mmoja, na uso wake haukuwa tena uso wa mtu anayetazamwa.

"Sasa inawaka," alisema.

Hatukuuosha mguu. Mkewe alitaka, nikamkataza kwa sauti ambayo naomba radhi kwayo. Nilimlaza na magome yake, nikapaka jeli juu ya vumbi, nikamwita Daktari Nyaga asimame nyuma yangu. Kichwa cha mashine kilikaa juu ya wayo kama nzi anavyokaa juu ya maziwa.

Pale palipokuwa na ukuta wa kijivu palikuwa na shimo jeusi, lenye umbo la punje ya haragwe, limejaa, limelala juu ya neva. Kandokando yake, nilipowasha rangi inayoonyesha mwendo wa damu, damu ilikuwa ikikimbia kwa wekundu. Nilibonyeza kwa dole gumba. Likawa bapa. Nililegeza. Likarudi. Chini yake neva ilipita nyembamba, imenyooka, haina habari na mtu.

"Hebu niachie," akasema Daktari Nyaga. Akavaa glavu, akaweka dole gumba lake pale pale. Alibonyeza, akalegeza, akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimwacha. Mtu anayetaka kuweka kisu chini lazima aone kwa mkono wake.

"Kinabonyea," alisema.

"Kinabonyea."

"Basi hakuna cha kukata."

 Kinoti alikuwa amelala akiitazama dari, jasho bado liko shingoni.

"Ni mvulana?" akauliza.

"Ni maji," nikamwambia.

Mkewe alikaa chini juu ya kiti changu, jambo ambalo halikubaliwi, akalia ndani ya koti la suti. Alipomaliza alimuuliza daktari swali ambalo alikuwa, bila shaka, akilibeba wiki hizo zote. "Angekatwa, angeanguka?"

Daktari Nyaga si mtu wa kupamba maneno. "Pengine si siku ya kwanza," alisema.

Tulimpiga sindano jioni ile ile, nami nikiongoza ncha yake kwenye kioo mpaka ikaingia ndani ya kifuko na si kando yake. Tulimpa kipande cha sufi nzito cha kuweka ndani ya kiatu, nyuma ya pale panapouma. Tulimwambia atafute viatu vipana na apumzike. Halafu tukafika kwenye sharti gumu. Hata akipona, sehemu ya kwanza ya shina, ile ndefu isiyo na matawi ambayo hubana mguu kuliko zote, asiipande tena kwa nyayo. Aweke ngazi.

"Ngazi?" Aliketi wima. "Madam, Kangeta? Mimi? Wataniita fundi wa stima!"

"Heri fundi wa stima mzima," akasema mkewe.

"Hujui hao watu."

"Nawajua. Ni ndugu zangu."

Hili nawaachia mlifikirie, kwa kuwa halimo vitabuni. Uchunguzi ulitugharimu siku moja na gome kidogo la mgrevilia. Kumshawishi mwanamume wa Igembe, huko Kangeta, atumie ngazi mbele ya majirani zake kulihitaji ujasiri ambao hakuna mashine inayoupima, na ujasiri huo haukuwa wangu. Alirudi kuonekana mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza habari ya ngazi, akaniuliza habari ya watoto wangu. Mara ya pili hakungoja niulize. Alisema kwa hasira kwamba ameinunua, na kwamba mtu wa kwanza kucheka alikuwa babake mzazi. Kifuko siku hiyo kilikuwa kimenywea, chembamba kama ganda la kitunguu. Baada ya hapo hakuja tena. Katika kazi yetu hiyo huwa habari njema au habari mbaya, na kwa kawaida hatuambiwi ni ipi.

Bwana Ireri alifariki kabla sijamsimulia. Wanawe walinipa nafasi ya kusema neno mazishini, nikasimulia habari ya nyama na kidole cha glavu. Mwanawe mkubwa alinijia baadaye akaniambia kwamba sasa ameelewa kwa nini baadhi ya nyama za utoto wao zilikuwa na mkato katikati.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilikuwa na shughuli ya kanisa upande wa Kangeta, na kwa kuwa saa yangu mpya haikuwa na mamlaka juu yangu, niliamua kumtafuta Kinoti. Niliuliza sokoni, katikati ya vitita vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, nikiwa na uso ninaoutumia mahali kama hapo. Hakuna aliyemjua Kinoti. Baba Makena walikuwa wengi. Nikaeleza: mwembamba, mikono mirefu, alikuwa na shida ya mguu.

"Aaa, Stima!" wakasema wote kwa pamoja. "Si useme unatafuta Stima!"

Walinionyesha njia. Shamba lilikuwa la miti mizee, na kwenye shina la mmoja wao iliegemezwa ngazi ya mbao, imechakaa vidato kwa kutumiwa. Ilifika kwenye panda ya kwanza tu. Juu yake, kati ya majani, palikuwa na nyayo mbili. Uso haukuonekana. Mtu mwingine angehitaji uso. Mimi nilimtambua kwa ule wa kulia.

"Stima," nikaita.

"Nani ananiita hiyo jina kwa shamba langu?"

"Ni yule wa mti wa hospitali."

Kicheko kilishuka kabla ya maneno. "Madam! Karibu! Nikutupie moja tamu? Ni laini, haina hata chungu!"

"Hapana."

"Najua ni hapana. Nitakupa avokado. Lakini wewe umekuja kuangalia mguu."

"Nimekuja kusalimu."

"Umekuja kuangalia mguu," alisema, akaendelea kuvuna.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kanisa. Niliweka Biblia na mkoba juu ya jiwe, nikakunja sketi kidogo, nikapanda vidato viwili vya ile ngazi, kisha cha tatu. Wayo ulikuwa sasa usawa wa macho yangu, umelala juu ya tawi, na vumbi lake, na magome yake, haujaoshwa kwa ajili ya mtu yeyote. Nilichuma kikonyo kikavu. Kwa ncha yake niliugusa upande wa ndani wa kidole cha nne, ule unaomtazama mwenzake, kwa wepesi kadiri nilivyoweza. Kisha nikalegeza.

"Wa nne," akasema kutoka juu, bila kuacha kuvuna. "Upande wa huyu wa tatu. Sasa shuka, Madam, utaanguka."